Mngurumo unaotoka kwenye spika: injini ya gari lako ikiugua, utaisikia?

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye. Nataka tuongelee magari ya spoti ya miaka hii ambayo mngurumo unaousikia ukikanyaga mafuta hautoki wote kwenye injini wala kwenye eksozi. Sehemu yake inatoka kwenye spika zilezile zinazokupigia muziki. Mabishano ya jambo hili huwa yanakwenda pande mbili: wapo wanaosema ni utapeli mtupu, na wapo wanaosema sauti tamu ni tamu, itoke popote. Mimi nina swali jingine, na ndilo lililonifanya niandike: injini ikiugua, hiyo sauti itakuambia?

Gari lililowasha moto huu ni BMW M5 ya mwaka 2011, ile ya bodi F10. Kabla yake kulikuwa na E60 yenye V10 (silinda kumi zilizopangwa umbo la V) ya lita 5.0 isiyo na turbo, hp (nguvu za farasi) 507, inapanda hadi rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 8,250. F10 ikaja na V8 ya lita 4.4, turbo mbili (feni zinazozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), hp 560. Nguvu zimeongezeka, mafuta inakula kidogo kuliko mtangulizi wake, kwenye karatasi huna cha kulalamikia. Masikioni ndipo palipoharibika.

Hesabu yake haina ugumu. Kwenye injini ya stroki nne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. V10 ikiwa kwenye rpm 8,250 inawaka karibu mara 690 kwa sekunde. V8 ya F10, hata uibane hadi 7,200, inawaka mara 480. Ndiyo maana E60 ina ile sauti nyembamba ya kupaa, na F10 haitaifikia hata ukibadilisha eksozi nzima. Halafu kuna turbo. Moshi unaotoka silinda una presha na joto, na humo ndimo sauti ilimo. Ukiupitisha kwenye feni ya turbo, feni inachukua nguvu ambayo ingekwenda kuwa mngurumo. Na BMW walifanya jambo moja la kihandisi ninalolipenda sana japo ndilo lililomaliza utamu: manifoldi ya eksozi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda) inayovuka kutoka upande mmoja wa V kwenda wa pili, ili kila turbo ipate mapigo ya moshi kwa nafasi zilizo sawa. Turbo inaamka haraka. Lakini ule mdundo wa V8 za Kimarekani unatokana hasa na mapigo ya kila upande kutokuwa sawa. Ukiyasawazisha, mdundo unapotea.

Juu ya hapo, kabini ilizibwa vizuri isipitishe kelele, kwa sababu anayenunua gari la namna hiyo anataka pia utulivu akiwa safarini. Dereva akabaki amekalia hp 560 zisizomwambia kitu. Jibu la BMW likawa mfumo unaoitwa Active Sound Design. Kompyuta inasoma rpm, mzigo wa injini na mwendo wa gari, inatengeneza mngurumo unaolingana na hali hiyo, inaupeleka kwenye spika. Si kanda inayojirudia tu. Ukikanyaga unapanda, ukiachia unashuka, na umetengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba wengi wanaoendesha hawajui kama upo.

Sasa hapa ndipo watu wanapochanganya mambo, kwa hiyo tupunguze mwendo.

Si kila sauti iliyoongezwa kabini ni ya kutungwa. Porsche 911 ya bodi 991, iliyotoka 2011, ina kifaa wanachokiita Sound Symposer. Ni bomba linalochepuka kutoka kwenye njia ya hewa ya injini, ndani yake mna utando unaotetemeka na vali inayofunguka ukibonyeza Sport. Sauti ya injini kuvuta hewa inapita humo hadi ndani kwako. Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, za mwaka 2012, zilikuja na wazo hilohilo: bomba kutoka njia ya hewa hadi nyuma ya dashibodi. Hakuna kompyuta inayotunga chochote hapo. Ukiziba bomba kwa kitambaa, sauti imekwisha. Ukiweka kichujio kichafu cha hewa, utasikia tofauti.

Volkswagen walikwenda njia nyingine kwenye Golf GTI. Kuna kifaa cha duara kinaitwa Soundaktor, kimefungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, chini ya kioo cha mbele. Watu wengi wanaamini kinakuza mtetemo wa injini. Sivyo. Kinapokea taarifa za rpm na mzigo, kinachukua sauti iliyohifadhiwa, kinautikisa ukuta na kioo kwa sauti hiyo. Ni spika isiyo na karatasi yake. Bodi ya gari ndiyo imegeuzwa karatasi.

Na mwisho wa mstari ni spika za redio zenyewe. BMW i8 ya 2014, umbo la chombo cha anga, nyuma ina injini ya silinda tatu lita 1.5, na mngurumo wa kabini unasaidiwa na spika. Ford Mustang EcoBoost ya 2015, silinda nne lita 2.3, vilevile. Renault walifika mbali zaidi: Clio RS ya 2013 ilikuwa na programu ya kuchagua usikie injini ya gari gani, hata Nissan GT-R, ukiwa umekaa kwenye silinda nne ya lita 1.6. Na kinachoniuma zaidi ni pacha wale wa Toyota na Subaru. Walipozaliwa upya wakawa GR86 na BRZ mpya, injini ikapanda hadi lita 2.4 bila turbo, lakini lile bomba wakaliondoa, wakaweka spika.

Kwa nini wote wanakimbilia huko? Lawama nyingi huwaendea watengenezaji, ila tuseme haki, sheria inawabana. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 540 ya mwaka 2014 inayoshusha kelele za magari kwa awamu. Gari la kawaida lilianza na kikomo cha desibeli 72 mwaka 2016, kisha 70, na sasa awamu ya tatu ni 68. Magari yenye nguvu kubwa yanapewa nyongeza kidogo tu. Kipimo kinachukuliwa nje, gari likipita mbele ya maikrofoni. Kisha Septemba 2018 viwango vya moshi vya Ulaya vikalazimisha karibu kila injini ya petroli yenye sindano ya moja kwa moja kufungwa kichujio cha chembe za masizi, na kichujio hicho ni kama sailensa ya pili. Mhandisi ana turbo inayokula sauti, kichujio kinachokula sauti, na maikrofoni ya serikali pembeni mwa barabara. Sehemu pekee aliyobakiwa na uhuru ni ndani ya kabini.

Kwa hiyo namwelewa. Hata hivyo kuelewa kwa nini jambo limefanyika hakunifanyi nilikubali lote.

Sauti ya injini kwa dereva ni taarifa. Unabadilisha gia bila kutazama dashibodi kwa sababu unasikia. Unajua plagi moja imeanza kuchoka, koili inakufa, gasketi ya manifoldi imeanza kuvuja, kabla taa haijawaka. Sasa chukua kipimo changu upime kila mfumo niliotaja. Silinda moja ya 911 ikiacha kuwaka vizuri, njia ya hewa inabadilika na bomba litakuletea mabadiliko hayo sikioni. Silinda moja ya F10 ikianza kumisi (kukosa kuwaka) kidogo kidogo, kompyuta ya sauti inaona rpm 4,000 na mguu umekanyaga nusu, basi inaimba V8 kamili ya rpm 4,000, silinda zote nane zikiwa na afya njema. Sauti ya kweli bado ipo chini yake, lakini imefunikwa na nyingine isiyoweza kuugua. Ni sawa na kumuuliza mgonjwa hali yake, akajibu msemaji wake.

Huo ndio mpaka wangu. Sauti inayoweza kuniletea habari mbaya naiita ya kweli, hata kama imepitishwa kwenye mabomba kumi. Isiyoweza, ni pambo.

Ukitaka kuona jinsi kazi hii inavyofanywa kwa heshima, tazama Lexus LFA. Zilitengenezwa 500 tu, kuanzia mwisho wa 2010 hadi mwisho wa 2012. V10 ya lita 4.8 iliyotengenezwa pamoja na Yamaha, mwisho rpm 9,000. Injini ilikuwa inapanda kutoka mzunguko wake wa chini kabisa, gari likiwa limesimama, hadi 9,000 kwa sekunde 0.6, mshale wa kawaida haukuweza kuifuata, ikabidi waweke kioo cha dijitali. Yamaha ni watu wa injini na ni watu wa piano, na hapa walileta mikono yote miwili. Waliutengeneza mtungi wa hewa juu ya injini kama sanduku la ala ya muziki, wakachonga njia za kupitisha sauti hiyo hadi kabini. Mara 750 kwa sekunde silinda zinawaka, na unachosikia ni hizo. Hakuna spika iliyohusishwa. Yaani inawezekana kuipanga sauti, kuichuja, kuipendezesha, na bado ikabaki mali ya injini.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa hoja.

SilindaNane

Mkuu umeshusha nondo, nimesoma yote. Lakini napinga kidogo. Mimi mwenye gari sinunui M5 ili nifanye kazi ya fundi. Kumisi kuna taa ya check engine, kuna mashine ya kupimia. Sauti kwangu ni raha. Muziki wa redio nao umerekodiwa na hakuna anayelalamika kwamba bendi haipo ndani ya gari. Kama mteja amefurahi, tatizo lake nini?

Mleta uzi

Mkuu SilindaNane, asante kwa hoja nzito. Kuhusu raha sina ugomvi, ni fedha yako na masikio yako. Tofauti na redio ni kwamba ukiwasha redio unajua umewasha redio. Mmiliki wa F10 hakuwa na kitufe maalumu cha kuuzima huu mfumo. Ilibidi atafute mtu wa kuingia kwenye kompyuta ya gari. Wangeweka kitufe na kuandika wazi kwenye kitabu cha gari, nusu ya uzi huu nisingeuandika.

Kuhusu taa: taa inahesabu. Silinda ikikosa kuwaka mara moja moja, kompyuta inasubiri idadi ifike kiwango fulani ndipo iwashe. Sikio halisubiri. Na yapo maradhi ambayo taa haiyajui kabisa, kama beringi ya pampu ya maji inayoanza kulia au manifoldi iliyopasuka kidogo.

Kaka Gereji

Naunga mkono kwa yanayonipata kazini. Alikuja mteja na gari la Kijerumani, sitalitaja, anataka kubadilishiwa brekipedi tu. Nikafungua boneti injini ikiwa inaunguruma, nikasikia tik-tik-tik ya moshi unaovuja kwenye manifoldi, boliti moja imekatika. Mwenye gari anaendesha kila siku na hajawahi kusikia. Nikakaa ndani, nikafunga mlango, nikaweka Sport. Kweli husikii. Unasikia mngurumo mzuri wa kupendeza. Nikamwambia, mzee, shusha vioo asubuhi ukiwasha, usiamini kabini.

Mkuu mleta uzi, kwenye hizi injini za turbo moshi ukivuja kabla ya turbo unapoteza nguvu pia, siyo kelele tu. Kwa hiyo sauti hiyo ni fedha.

NairobiGTI

Salaam kutoka Nairobi. Mimi niko na Golf GTI Mk7, hizi zilikuja kwa wingi huku kutoka Uingereza. Nilinunua nikidhani hiyo sauti ni ya exhaust. Rafiki akanishow Soundaktor, tukachomoa plagi yake. Kusema kweli gari limenyamaza sana, lakini sasa nasikia turbo ikivuta na wastegate (vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo) ikifungua, vitu sikuwa nasikia. Swali: nikiacha hiyo plagi imechomolewa, kuna shida yoyote kwa ECU (kompyuta ya injini)? Na kuna njia ya kupunguza tu badala ya kuzima?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, karibu. Soundaktor haihusiki na uendeshaji wa injini, kwa hiyo injini haitadhurika. Kompyuta inaweza kuandika kosa kwenye kumbukumbu kwamba kifaa hakionekani, na ukipima kwa mashine utalikuta. Njia safi ni kuingia kwa programu ya kuratibu moduli za VW na kushusha kiwango chake, hata hadi sifuri, bila kuchomoa. Chomeka plagi kwanza, shusha kiwango, kisha futa makosa. Ukibaki na plagi iliyochomolewa, ifunge vizuri isiingie maji, maana pale chini ya waipa panapitisha maji ya mvua.

Na ulichosema kuhusu kusikia turbo ndicho ninachokipigania. Ile sauti ndiyo gari lako.

Boxer Damu

Nyie mnahangaika na Wajerumani. Njooni Subaru. Ule mdundo wetu hauna spika wala bomba la kabini, ni boksa yenyewe (injini yenye silinda zilizolala pande mbili) inaongea. Hakuna ujanja.

Mleta uzi

Mkuu Boxer, mdundo wenu naupenda na kipimo changu unakifaulu bila shaka. Ila tuuweke mahali pake. Mdundo ule hautokani na boksa peke yake. Unatokana na mabomba ya manifoldi kuwa na urefu tofauti: silinda mbili moshi wake unasafiri njia ndefu, mbili njia fupi, mapigo yanafika kwenye turbo yakiwa yamepishana, ndipo unapata ile dugu-dugu-dugu. Subaru wenyewe walipotaka turbo iamke haraka, STI (Subaru zao za spoti) za Japani zenye injini ya EJ207 na turbo ya twin scroll (yenye njia mbili za moshi) walizifunga mabomba yenye urefu sawa, na mdundo ukapotea. Ndiyo maana kuna watu wanaagiza STI kutoka Japani, inafika, wanashangaa mbona hailii, halafu wanampelekea fundi abadilishe manifoldi waweke isiyolingana.

Anayefanya hivyo anatoa kidogo kwenye utendaji wa turbo ili apate sauti. Mimi simlaumu hata kidogo. Sauti ile imelipiwa kwa chuma na moshi, na silinda ikifa mdundo unabadilika mara moja. Mafundi wetu wengi wanaijua Subaru mbovu kwa kuisikia tu ikiingia getini.

Kaka Gereji

Hapo umesema ukweli mtupu. Subaru ikimisi naisikia ikiwa bado iko barabarani, haijakata kona.

Mwanambio

Mmesahau kwamba hata Formula 1 ilipita humu. Mwaka 2014 walitoka kwenye V8 za lita 2.4 zilizokuwa zinafika rpm 18,000, wakaingia V6 za lita 1.6 zenye turbo na umeme. Mashabiki walilia kwamba mchezo umekufa. Mercedes walijaribu kufunga eksozi yenye mdomo wa tarumbeta kwenye majaribio ya Barcelona, Mei mwaka huohuo. Haikusaidia. Mleta uzi, kwa hesabu yako ile ya kuwaka, ilikuwaje?

Mleta uzi

Swali tamu, Mwanambio. V8 kwenye 18,000 inawaka mara 1,200 kwa sekunde. V6 hizo mpya ziliruhusiwa hadi 15,000, lakini kwa kuwa mtiririko wa mafuta ulikuwa umewekewa kikomo cha kilo 100 kwa saa, hazikuwa na faida ya kupanda huko, nyingi zilibadilisha gia karibu na 12,000. Hapo ni mara 600. Sauti ilishuka nusu kamili, na juu yake turbo iliyounganishwa na jenereta ilifyonza nguvu ya moshi kuigeuza umeme. Huwezi kuomba nguvu moja ifanye kazi mbili. Tarumbeta ikakuta kelele yenyewe imeshaliwa kabla ya kufika mdomoni.

Nawaheshimu kwa jambo moja: hawakuweka spika. Mwaka 2016 walibadilisha kanuni, moshi wa wastegate ukapewa bomba lake la pembeni ili sauti iongezeke. Iliongezeka kiasi, na ilikuwa ya kweli.

Dada wa Umeme

Habari zenu. Naona mnajadili kana kwamba petroli ndiyo mwisho wa dunia. Gari la umeme mtalihukumuje kwa kipimo hiki? Mota haina mlipuko. Hyundai Ioniq 5 N inatoa sauti ya injini ya petroli na inajifanya ina gia. Kwa maneno yako mleta uzi, hilo ni pambo tupu, sivyo? Lakini madereva waliozoea mbio wameipenda.

Mleta uzi

Dada, hili nimelifikiria sana kuliko yote na nashukuru umelileta, kwa sababu jibu langu si lile unalotegemea.

Ioniq 5 N ya 2023 ina mota mbili, hp 650 ukibonyeza kile kitufe cha nyongeza, betri ya kWh 84. Ina spika nane ndani na mbili nje, na sauti tatu za kuchagua: moja ya injini yao ya petroli ya lita 2.0 ya turbo, moja ya gari lao la majaribio, na moja ya ndege ya kivita. Nikiishia hapo, ni pambo. Lakini wakaongeza mfumo wa gia nane za kuigiza, na hapo kuna jambo. Ukivuta kijiti cha gia, mota zinakata na kurudisha nguvu ili gari lishtuke kama limebadilisha gia kweli. Ukiacha kubadilisha, rpm za kuigiza zinafika mwisho na gari linakataa kuongeza, hata kama mota zingeweza. Sauti unayoisikia inaendana na nguvu inayofika kwenye matairi. Dereva akiingia kona anajua kwa sikio yuko gia ya ngapi na mwendo gani, macho yanabaki barabarani. Hii sauti inabeba taarifa. Inatangazwa wazi kwamba ni ya kutengenezwa, na inazimwa kwa kitufe. Kwangu mimi hiyo ina uaminifu kuliko M5 ya 2011, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa V10.

BMW nao kwenye umeme wamebadilika. Sauti za magari yao ya umeme walimshirikisha mtunzi wa muziki wa filamu Hans Zimmer, na wanamtaja waziwazi. Ukinunua unajua umenunua utunzi. Hapo sina neno.

Ninaosubiri kuwasikia ni Ferrari. Oktoba 2025 walionyesha teknolojia ya gari lao la kwanza la umeme, wakasema hawatatunga sauti: wataweka sensa inayonasa mitetemo halisi ya mfumo wa umeme unapofanya kazi, kisha kuikuza. Wenyewe wanafananisha na gitaa la umeme. Kama watatekeleza walivyosema, beringi ya mota ikianza kuharibika, dereva ataisikia ikikuzwa. Mfumo huo unafaulu kipimo changu kwa asilimia zote, na hauna hata tone la petroli.

SilindaNane

Na Dodge je? Charger Daytona ya umeme, wameweka mabomba na spika nyuma, wanasema inafika desibeli 126 sawa na Hellcat, ile V8 yao ya petroli.

Mleta uzi

Hiyo siikubali, mkuu. Ndani ya kabini yako fanya upendavyo. Ukipeleka sauti ya kutungwa nje, kwenye madirisha ya watu usiku, tena kwenye gari ambalo lingeweza kupita kimya, unawabebesha wasiochagua. V8 ya petroli angalau kelele ni matokeo ya kazi yake.

Mzee wa Zebra

Vijana, msisahau waenda kwa miguu. Mimi macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Gari la umeme linanifikia sijui limetoka wapi. Hizi pikipiki za umeme nazo, Kigali na Nairobi zimeshaenea. Msije mkapiga vita kila sauti ya spika.

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Hilo siwezi kulipiga vita, na nafurahi umelisema. Marekani chama cha wasioona kilipigania jambo hili kwa miaka, sheria ikasainiwa Januari 2011. Ulaya kila aina mpya ya gari la umeme au haibridi kuanzia Julai 2019, na kila gari jipya la namna hiyo kuanzia Julai 2021, lazima litoe sauti nje likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa na linaporudi nyuma. Marekani kiwango ni kama kilomita 30. Juu ya hapo matairi yenyewe yanasikika. Na kanuni inataka sauti ipande na kushuka kadiri mwendo unavyobadilika, ili anayevuka ajue gari linakaza au linapunguza. Ni ya kutengenezwa, na inasema kweli. Kwa bahati mbaya sheria ile ya Ulaya inahusu magari, pikipiki hazimo, na huku kwetu ndizo zinazokatiza karibu na watu zaidi.

Mzee wa Zebra

Marahaba. Endeleeni.

Mpya Mjini

Wakuu nimechelewa. Nina BMW ya 2015, nitajuaje kama inatumia spika? Na nikitaka kuzima nianzie wapi?

Kaka Gereji

Tafuta barabara iliyo wazi, gia ya tatu, shikilia rpm 3,000. Mwambie mwenzako aweke kiganja kwenye spika za milangoni na zile za chini ya viti vya mbele, redio ikiwa imezimwa kabisa. Kanyaga ghafla. Spika ikitetemeka, jibu umepata. Ukipima kwa mashine pia, moduli ya sauti itaonekana kwenye orodha kama gari lako linayo.

Mleta uzi

Nyongeza tu kwa aliyosema Kaka Gereji. Baadhi ya BMW za miaka hiyo zina kiboksi cha mfumo huo kwenye buti, kinachomolewa bila kugusa redio. Usichomoe amplifaya nzima, maana milio ya tahadhari, ya mkanda na ya sensa za kurudi nyuma, inapita kwenye spika hizohizo. Njia bora ni kuzima kwa programu, na uandike thamani ya awali kabla hujabadilisha. Ukishazima, endesha wiki moja na vioo nusu chini, halafu lipitishe kwa fundi unayemwamini asikilize injini ikiwa baridi. Ukisikia tik-tik asubuhi inayopotea injini ikipata joto, anzia kwenye boliti za manifoldi.